Mama Clemens Anajua Dhahabu Ilipo

Pale senta ya Rwamgasa, ukitoka upande wa karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ukaacha vumbi la kwanza na kuingia vumbi la pili, kuna stesheneri yenye maandishi mengi ukutani kuliko vitu vilivyomo ndani. Ukutani pameandikwa fotokopi, kuprinti, kuskani, picha za paspoti, maombi ya ajira, kadi za harusi, na chini kabisa, kwa herufi ambazo rangi iliziishia njiani, "kubuni nembo". Ndani kuna kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi inayokohoa kwanza kabla ya kuanza kazi, na Aneth.

Aneth alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alizaliwa Ushetu kwenye nyumba ya tumbaku. Alipanda tumbaku, akachuma tumbaku, akakausha tumbaku, na mpaka leo ukiwasha sigara karibu yake anakutazama kama umewatukana wazazi wake. Mume alikuwepo, kisha hakuwepo. Hiyo ni hadithi ya mistari miwili na yeye huisimulia kwa mmoja. Kompyuta alijifunzia Kahama miezi mitatu, na cheti chake amekibandika ukutani juu ya mashine ili mteja akianza kulalamika macho yaangukie hapo.

Wateja wake wakubwa walikuwa wachimbaji. Watu wa mjini hudhani mchimbaji anahitaji nyundo, taa na kamba tu. Anahitaji pia karatasi. Mwenye eneo anaingia mkataba na mwenye duara, maana shimo la dhahabu kule linaitwa duara hata kama ni la mraba. Mwenye duara anaingia mkataba na vijana wake, na vijana wakigombana wanaandikiana mkataba wa kutogombana. Neno la mdomo Rwamgasa linaweza kuvunjika kabla ya chai ya saa nne. Lakini likishapita kwenye kompyuta ya Aneth na kutoka kwenye printa likiwa la moto, watu hulibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Kilichotoka kwenye mashine kilikuwa kweli. Aneth aliijua imani hiyo na aliipenda, kwa kuwa ndiyo iliyomlipia pango.

Mchezo aliuleta yeye mwenyewe. Siku moja alikwenda Katoro kununua wino kwenye duka la vifaa vya ofisi, akamkuta Hiral, binti wa mwenye duka, anacheka peke yake mbele ya simu. Hiral akamwonyesha. Unafungua sehemu ya kutafutia vitu mtandaoni, unaandika mwanzo wa sentensi, halafu unaacha. Chini yake inashuka orodha ya sentensi zilizomalizwa, zile ambazo watu wengine wamekuwa wakiuliza. Kazi yenu ni kubahatisha kabla haijashuka. "Sisi hapa tunacheza kila mchana duka likipooza," Hiral akasema. "Baba anashinda kila siku. Anajua shida za watu wote."

Aneth alirudi Rwamgasa na wino na mchezo. Akaupa jina Malizia. Akaigeuza skrini itazame nje, akaweka benchi chini ya kibaraza, na kila saa tisa alasiri, kazi zikipungua, walikaa hapo wanne watano: Bhoke wa kibanda cha kutuma pesa, Adam msimamizi wa duara, Raphael mchimbaji wa Adam, na yeyote aliyepita akavutwa na kicheko. Kila mtu aliandika jibu lake nyuma ya fotokopi iliyoharibika, karatasi zikabanwa chini ya stepla, ndipo Aneth akabonyeza herufi mojamoja, taratibu, kama anamtia mtoto dawa ya macho. Aliyepatia alinunuliwa soda.

"Kwa nini mume wangu," Bhoke alianza siku moja.

Orodha ikashuka. Kwa nini mume wangu hanipigii simu. Kwa nini mume wangu anakoroma. Kwa nini mume wangu anaficha simu.

Raphael alikuwa ameandika "kwa nini mume wangu ni mzuri hivi".

"Raphael, hilo swali hakuna mwanamke aliyewahi kuliuliza tangu dunia iumbwe," Bhoke akamwambia. "Lete soda."

Aneth alishinda kupita kiasi, na sababu yake haikuwa akili. Kompyuta ile ilikuwa na tabia ya mtoto wa jirani: unachokisema mbele yake leo, kesho anakisema mbele ya wageni. Ukiandika jambo asubuhi, alasiri ukianza maneno yaleyale inakumalizia lilelile, na inaliweka juu kabisa. Kwa hiyo kila asubuhi, akishafagia, Aneth alikaa na kuipandia sentensi zake za siku. Alianza kwa kuiba soda. Baadaye akagundua kuna raha kubwa kuliko soda, yaani majina. Alasiri moja aliandika "Raphael wa Rwamgasa" mbele ya watu wote, na mashine ikamalizia "Raphael wa Rwamgasa anaogopa mende". Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Raphael alitoka akaapa kwamba huko mtandaoni kuna mtu wa kwao anayemchukia. Juma lile lote mashine ilisema mambo. Ilisema Bhoke anahesabu noti akiwa usingizini. Ilisema Adam alifeli darasa la saba mara mbili, jambo lililokuwa kweli, na ndipo Adam alipoacha kucheka na kuanza kuiangalia ile skrini kwa heshima.

"Hii imejuaje?" aliuliza.

"Inajua kila kitu, kaka Adam," Aneth akajibu, akifunika soda yake isiingie vumbi.

Angeweza kusema pale pale kwamba alisimuliwa na Bhoke. Hakusema. Mchekeshaji akieleza kichekesho chake anabaki na nini?

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama lishe, Agatha kwa jina la ubatizo, lakini watu wote walimwita Mama Clemens kwa mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi huko Ushirombo. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, Mkatoliki wa kushika rozari hata akisonga ugali, mwenye sauti ndogo na sufuria kubwa. Wachimbaji wa maduara matano walikula kwake. Alikuwa akisikia vicheko vya upande wa pili kila siku, na Jumanne moja akaja akasimama mlangoni, akijifuta mikono kwa khanga.

"Shikamoo mama," wakasema wote.

"Marahaba wanangu. Na mimi je? Mashine yenu hainijui?"

Aneth akaandika "Mama Clemens". Hakikushuka kitu.

"Basi mimi sipo," Mama Clemens akasema, akacheka kidogo, na kicheko chenyewe kilikuwa na unyonge wa mtu aliyekosa mwaliko. "Nimewapikia miaka tisa, hata mashine hainijui."

Aneth alilala na hilo. Kesho yake, Jumatano asubuhi, alifagia, akakaa, akatafuta cha kumwandikia mama wa watu. Asimfedheheshe. Kiwe kizuri, na kiwe na chumvi. Akawaza jinsi pesa zote za Rwamgasa zinavyotoka chini ya ardhi, zinapita mifukoni mwa wanaume saa mbili tatu, kisha zinaishia kwenye wali na maharage ya Mama Clemens. Akatabasamu. Akaandika mara tano, ili ikae vizuri: mama clemens anajua dhahabu ilipo.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hawakusema usaha utamtumbukia nani.

Kuna jambo ambalo Aneth hakulijua asubuhi ile. Duara la Adam lilikuwa limekaa wiki ya tano bila mali, yaani dhahabu. Walikuwa wakifuata mkanda mzuri wa mwamba, mkanda ukakatika ghafla kama barabara iliyofika kwenye mto, na kila kiroba cha mawe walichopeleka karasha kilirudisha vumbi tupu. Duara likikauka, watu hukagua kwanza magogo yanayoshikilia kuta, halafu hukaguana wao kwa wao nani amevunja mwiko, halafu huenda kwa mganga. Jumatatu walikwenda. Mganga aliwaambia kile ambacho waganga huwaambia watu wote wa dunia hii: "Kuna mtu karibu yenu anajua."

Alasiri ya Jumatano benchi lilijaa. Mama Clemens akaitwa aje aone jina lake. Aneth akaandika herufi mojamoja, taratibu. Orodha ikashuka.

Bhoke alicheka. Mama Clemens alicheka pia, mkono mdomoni, amefurahi kweli. Aneth aligeuka kupokea kicheko cha wengine na hakukipata. Adam alikuwa amesimama. Raphael alikuwa akimwangalia Adam. Wachimbaji wengine wawili waliokuwa wamekaa chini waliinuka pia, polepole, wakivua kofia.

"Rudia," Adam akasema.

"Kaka Adam, ni mchezo."

"Rudia, dada."

Akarudia. Mama clemens anajua dhahabu ilipo. Adam akaisoma kwa midomo, neno kwa neno. Kisha akamgeukia Mama Clemens, akainamisha kichwa kama anavyoinamishiwa mama mkwe, akamwamkia kwa Kisukuma cha adabu, "Mwadila, mayu."

Mama Clemens aliitikia, maana alikuwa mtu wa kuitikia salamu.

Alhamisi alfajiri alikuta kuku amefungwa miguu mlangoni pa banda lake. Saa nne akaletewa sukari kilo mbili. Mchana vijana wa Adam walikula, wakalipa bila kuombwa, na wakaosha sahani zao wenyewe, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika historia ya machimbo. Mama Clemens akaja kwa Aneth akiwa na wasiwasi wa mtu anayependwa ghafla.

"Hawa watoto wana nini?"

"Wamekukubali, mama," Aneth akasema, akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Alasiri ndipo alipoona. Mama Clemens alitoka na beseni la maji ya kuoshea vyombo, akayamwaga nyuma ya banda upande wa mchongoma, kama alivyoyamwaga miaka tisa. Wanaume watatu waliokuwa wamechuchumaa kivulini wakanyanyuka. Wakangoja aingie ndani. Kisha wakaenda pale palipolowa, wakaweka jiwe la alama, na kabla jua halijazama walikuwa wanachimba. Walichimba Alhamisi hiyo mpaka usiku, na Ijumaa mpaka adhuhuri. Walishuka kimo cha watu wawili. Walipata udongo mwekundu, mfupa wa mbuzi na kisoda.

Aneth alikuwa ameshaogopa. Ijumaa ile asubuhi aliifuta kumbukumbu yote ya kompyuta, siku zote, miezi yote. Alidhani ameng'oa mzizi. Saa saba Adam akaja na matope magotini.

"Andika jina la mama."

Akaandika. Hakikushuka kitu.

Adam akatazama ile nafasi tupu. "Ameifunga," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Jumatano ilisema. Leo haisemi. Amejua tunajua, ameifunga mashine kama alivyofunga duara."

"Nimeifuta mimi, kaka Adam. Na ile sentensi niliiandika mimi. Asubuhi, kwa mkono wangu. Sentensi zote nilikuwa naziandika mimi. Mende wa Raphael, noti za Bhoke, zote."

"Na darasa la saba?"

"Nilisimuliwa."

Adam akamtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimtisha kuliko kipigo. "Dada Aneth, umeniandikia mikataba minane. Hujawahi kuandika uongo. Leo ndiyo unaniambia mashine yako inasema uongo?" Akageuka aondoke. "Amekutisha. Siyo kosa lako. Wanatisha hao."

Bhoke ndiye aliyemletea habari yenyewe, jioni jua likiwa bado juu, akijifanya amekuja kutoa fotokopi.

"Kesho saa tatu wanamshusha," akasema bila kuinua kichwa.

"Wanamshusha wapi?"

"Duarani. Wanasema hapa juu anawazungusha kwa maji ya vyombo. Akifika chini kwenye mkanda atanyoosha kidole. Akionyesha, wanampandisha."

"Na asipoonyesha?"

Bhoke akakunja karatasi yake. "Nimekwambia nilichosikia."

Duara lile lilikuwa na kina cha mita sitini. Mtu hushuka kwa kamba, mguu mmoja kwenye kitanzi, akijisukuma ukutani. Mama Clemens alikuwa na goti bovu, na hajawahi kushuka hata kisima.

"Tumwambie mwenyekiti wa kitongoji," Aneth akasema.

"Mwenyekiti ana fungu lake katika duara lile. Mkataba uliuprinti wewe."

Kweli, aliuprinti. Akapiga simu kituo cha polisi, akaambiwa taarifa imepokelewa, gari lipo doria mbali, watajitahidi kesho. Mama Clemens mwenyewe alikuwa ameshanusa. Kuku hakumchinja. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akampigia Clemens simu, Clemens akamwambia panda pikipiki uje sasa hivi. Waendesha bodaboda watatu wakamwambia hawana mafuta, wakiwa wamekaa juu ya matangi yaliyojaa. Wa nne alikuwa mkweli: "Mama, nikikubeba wewe, mimi nitarudi wapi?"

Akarudi bandani kwake, akawasha moto, akapika. Ndivyo alivyojua kufanya.

Aneth hakupata usingizi, na tusimfuate kitandani. Aliyekosa usingizi kwa kosa lake hana jipya la kumweleza mtu. Jumamosi saa mbili na nusu alikuwa amefungua duka. Saa tatu kasoro walikuja kumi na mmoja, wamenawa nyuso, kwa heshima zote. Adam alikuwa na kamba mpya begani. Mama Clemens alitoka bandani mwenyewe, rozari mkononi, akauliza kwa sauti yake ndogo, "Wanangu, nimewakosea nini?"

"Hujakosa, mayu," Adam akasema. "Unaonyesha tu, unarudi."

Raphael akapiga magoti na kuanza kumpitisha kamba kiunoni, kwa upole, akihakikisha haimbani.

Aneth akaisukuma meza mpaka kibarazani, nyaya zikivutika, skrini ikiwatazama. "Njooni hapa," akasema. "Wote. Dakika tano. Mkiona nilichotaka muone, mnaendelea na yenu."

Hakuna aliyetarajia angeongea kwa sauti ile. Wakaja. Kamba ikabaki kiunoni mwa Mama Clemens, ncha yake mkononi mwa Raphael.

Aneth alikuwa ameifikiria njia yote tangu alfajiri. Angewaonyesha kwa macho yao wenyewe jinsi mashine inavyolishwa. Lakini aiweke sentensi ya nani? Akiandika la Adam, kabla ya jioni Adam angekuwa kwenye kamba. La Bhoke, vilevile. Jina lolote ambalo angelitia mle ndani lilikuwa jina la mtu anayepumua. Lilibaki moja tu ambalo alikuwa na haki nalo.

"Angalieni," akasema. "Naandika jina langu. Aneth wa stesheneri. Mnaona? Hakishuki kitu. Hainijui."

Wakatikisa vichwa: hakishuki.

"Sasa naandika yote mimi, kwa vidole hivi." Akaandika aneth wa stesheneri anajua dhahabu ilipo, akabonyeza. Akarudia. Mara tano, kila mara akiisoma kwa sauti ili asiwepo wa kusema hakusikia. Akafuta. Akaanza upya: Aneth wa.

Orodha ikashuka. Ya juu kabisa: aneth wa stesheneri anajua dhahabu ilipo.

"Mmeona?" Akaigonga skrini kwa kidole. "Inarudisha nilichoipa. Haina macho, haina mganga, haijui duara wala mkanda. Ni kasuku. Ya Jumatano niliipa mimi vilevile, kwa utani. Mama huyu hajui kitu. Mfungueni."

Karasha la mbali lilikuwa linasaga. Raphael alisoma skrini, akamtazama Aneth, akasoma tena. Kisha Adam akafanya alichofanya Jumatano: akaisoma kwa midomo, neno kwa neno.

"Mfungueni mama," akasema.

Raphael akaifungua kamba. Mama Clemens akakaa chini palepale vumbini. Aneth alifumba macho, na kwa muda wa pumzi moja hivi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani.

"Kumbe ni wewe," Adam akasema.

Akafumbua.

"Jumatano ulimsukumia mama wa watu," Adam akaendelea, bado bila hasira, akiikunja kamba taratibu kiwikoni. "Jana ukafuta. Leo umeona mtu mzima anashushwa, roho imekusuta, umesema mwenyewe mbele ya watu kumi na mmoja. Tena mara tano, hukulazimishwa." Akainamisha kichwa. "Umefanya vizuri, dada. Wengine wangenyamaza."

"Kaka Adam, nimewaonyesha. Nimeandika mbele yenu."

"Tumeona ukiandika. Na mikataba tunaona ukiandika. Inapotoka ni kweli au si kweli?"

Bhoke alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake, hasogei. Wanaume kumi na mmoja walikuwa wanangoja, wamenawa nyuso, wana adabu, na nyuma yao Mama Clemens alikuwa bado chini, kamba haiko mbali naye.

"Sasa, dada," Adam akasema, "tuanzie wapi?"

Akisema hajui, wangerudi kwa yule wa kwanza. Aliona hilo wazi kama maandishi. Akawaza haraka, kama mtu anayechagua kati ya mvua na mvua. Mahali laini walishuka kimo cha watu wawili kwa siku moja. Alihitaji mahali ambapo nyundo itarudi nyuma. Mpakani mwa senta, kupita mwalo wa kuoshea mchanga, palikuwa na uti wa jiwe jeusi uliochomoza ardhini, ambao hata wajenzi waliukwepa walipochimba msingi wa shule. Pale, alipiga hesabu, watachukua wiki mbili. Labda tatu. Katika wiki tatu mama atakuwa amefika kwa mwanawe, polisi watakuwa wamepata gari, na yeye atakuwa amepata njia.

Akanyoosha kidole. "Kwenye jiwe jeusi," akasema. "Kule chini yake."

Adam alifuata kidole kwa macho, akaitikia, akawagawa watu. Kabla ya kuondoka alimwita dereva wa bodaboda kwa mluzi na kumwambia ampeleke Mama Clemens Ushirombo, bure, na asiendeshe vibaya. Mama Clemens alipanda na kitenge chake. Alipopita mbele ya stesheneri alimshika Aneth mkono kwa mikono yake miwili. Akaondoka.

Raphael hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Wewe huendi kuchimba?" Aneth akamuuliza.

"Nimeambiwa nikae na wewe, dada. Usije ukapata shida."

Jumapili alikuwepo. Jumapili hiyohiyo mwanaume wa fotokopi ya kitambulisho aliweka pesa mezani badala ya kumpa mkononi, akachukua karatasi kwa ncha za vidole. Bhoke alimsalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Bodaboda wote wa senta, Aneth alipopita karibu nao kwenda kununua mkate, na Raphael hatua nne nyuma yake, waliinamisha vichwa kwenye simu zao.

Aliporudi alikaa ndani na kusikiliza. Upande wa jiwe jeusi nyundo zilikuwa zinagonga, kavu, za kukwama, kama alivyotaka. Akajaribu kuhesabu siku kwa sauti ile. Moyo wake ukatulia kidogo.

Saa sita Adam akapita kunywa maji, nywele zimejaa unga mweusi, meno yanaonekana. Alikuwa anacheka.

"Kazi inakwendaje?" Aneth akauliza.

"Jiwe gumu, dada. Gumu sijapata kuona. Tumevunja nyundo mbili." Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Wazee wa kazi wamekuja kuliangalia. Wamesema jiwe likiwa gumu namna ile linaficha kitu, halina sababu nyingine ya kuwa gumu. Maduara mengine yamesimamisha kazi, yametuletea watu. Tuko arobaini sasa, na baruti inatoka Katoro leo hii."

Akamshukuru tena, kwa mikono miwili, akarejea kazini.

"Kwa arobaini na baruti," Raphael akasema kutoka kwenye benchi, akipiga hesabu zake kwa moyo mweupe, "kazi haifiki keshokutwa."